Sikio la Mpiga Mbizi



Suali la wiki hii limetoka kwa mama mmoja wa Pwani ya Kusini. Mwanawe wa miaka 16 ameacha kazi ya mitego na kujiunga na vijana wanaopiga mbizi kutafuta pweza na majongoo ya bahari. Anaeleza kwamba kijana hurudi nyumbani ameshika sikio, na usiku hulalia upande mmoja tu kwa maumivu. Wakubwa wake kazini wamemwambia astahimili, kwa kuwa sikio la mpiga mbizi halina budi kupasuka mara moja, na likishapasuka halitamsumbua tena maisha yake. Mama anauliza: je, hayo ni kweli? Na kama ni kweli, je, yajuzu?

Si kweli, wala hayajuzu. Lakini jawabu fupi kama hilo halitamsaidia mama huyu mbele ya wavuvi waliozeeka baharini, nao ni watu wa kuheshimiwa. Wakiambiwa kwamba wamekosea, wana haki ya kuonyeshwa ni wapi walipokosea. Kwa hiyo naomba ruhusa ya kurefusha maneno.

Huenda msomaji akacheka kwamba anayejibu suali la mbizi ni mtu akaaye Rhonda, Nakuru, mbali na bahari kwa safari ya mchana kutwa. Ziwa tulilo nalo karibu ni la magadi, lina viboko, na sijapata kumwona mwenye akili timamu akilizamia. Hata hivyo, ni huku huku bara ambako jambo hili hufahamika wepesi zaidi. Nakuru imeinuka yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha sehemu moja katika tano. Kila kijana wa kipwani anayefanya kazi huku na kurudi kwao kwa Idi huyajua yanayomfika ndani ya basi. Gari likipanda kwenda Limuru, masikio hupiga tak, tak, yakazibuka yenyewe pasi na yeye kufanya lolote. Likianza kuteremka, kwanza kuelekea Nairobi na kisha kupita Voi na Mariakani hadi Pwani, masikio huziba, sauti za abiria zikawa kama zatoka chumba cha pili, mpaka ameze mate au apige miayo.

Kwa nini kupanda kuwe rahisi na kushuka kuwe taabu? Nyuma ya kiwambo cha sikio mna chumba kidogo chenye hewa. Chumba hicho kina njia moja tu ya hewa, nayo ni mrija mwembamba unaoteremka hadi nyuma ya pua, juu ya koo. Watabibu huuita kwa jina la Bartolomeo Eustachi, Mtaliana wa karne ya 16 aliyeueleza. Upande wa koo, kuta za mrija huo ni laini na aghalabu zimefumbana. Hewa iliyozidi ndani ya chumba huzisukuma kuta ikatoka bila kuomba idhini. Lakini hewa ya nje haiingii mpaka misuli ya kaakaa iuvute mdomo wa mrija na kuufungua, na misuli hiyo hufanya kazi tumezapo au tupigapo miayo. Basi ni mlango utokao kirahisi na kuingia kwa ruhusa.

Sasa tupime. Tofauti yote ya uzito wa hewa baina ya Rhonda na Likoni ni sawa na uzito wa maji ya bahari ya kina cha mita 2 tu. Basi huichukua siku nzima kuimaliza tofauti hiyo, na abiria humeza mate mara ishirini njiani bila kujua. Kijana wa mama huyu huimaliza kwa sekunde mbili, kichwa chini miguu juu, pumzi ameibana, wala hamezi kitu. Ndipo ilipo asili ya maumivu yake.

Bahari huongeza uzito kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Juu ya maji tumebeba uzito wa hewa peke yake. Tukishuka mita 10, uzito huo umekuwa maradufu, na hewa iliyofungiwa ndani ya mwili imesinyaa hadi nusu. Ili uzito wa mita 10 nao uwe maradufu, itabidi mtu ashuke hadi mita 30. Kwa hiyo badiliko kubwa kuliko yote limo katika mita za mwanzo, mahali ambapo mpiga mbizi bado anaona jua vizuri na kudhani kwamba hajaanza kazi. Asipozibua masikio mapema, kabla hata ya kufikia mita 2, uzito wa maji unaweza kuzibana kuta laini za mrija hata zigandamane. Hapo tena ameze, apulize, ajikaze namna gani, hazifunguki. Vijana husema sikio limekataa. Halikukataa; lilipigiwa hodi baada ya mlango kutiwa komeo.

Na akiendelea kushuka? Kiwambo cha sikio kina upana wa sentimita moja hivi, na unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Husukumwa ndani kikavutika. Mishipa midogo ya damu ndani ya kile chumba huvuja, maji na damu vikajaza nafasi ambayo hewa imeshindwa kuijaza. Mwisho kiwambo hupasuka. Hapa ndipo wazee wetu walipoteleza, na kuteleza kwao kuna sababu: kiwambo kikipasuka, maumivu hukatika papo hapo, kwa kuwa uzito wa nje na wa ndani umekuwa sawa. Mtu huona raha, akasema dawa imepatikana. Ni sawa na mwenye nyumba aliyechoka kutafuta ufunguo akaamua kuung'oa mlango. Ni kweli ufunguo hautamsumbua tena, lakini mwizi naye hatasumbuka.

Kupitia tundu hilo huingia maji baridi hadi karibu na kiungo cha mizani ya mwili, ambacho kimo ndani kabisa ya sikio. Kiungo hicho kikipata baridi ya ghafla upande mmoja, mtu hushikwa na kizunguzungu kikali, hajui juu ni wapi na chini ni wapi, na huenda akatapika angali ndani ya maji. Wangapi waliosemwa kuwa wamechukuliwa na bahari, au na wenyeji wake wasioonekana, walichukuliwa na kizunguzungu hiki? Mungu ndiye ajuaye. Aliyenusurika naye hukaa na tundu ambalo kila akizama hupitisha maji yenye mchanga na vijidudu. Usaha hufuata, na baada ya miaka mtu huketi barazani na kujibu salamu ambayo hakuisikia.

Haya si mapya wala si ya kwetu pekee. Al-Mas'udi, mwanahistoria wa Baghdad aliyeifikia pwani hii ya Zanj katika karne ya 10, aliandika habari za wazamiaji wa lulu wa Ghuba, kwamba walibana pua kwa kitu kilichotengenezwa kwa gamba la kasa na kutia masikioni pamba yenye mafuta. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, naye alikitaja kibanio hicho cha pua. Waarabu wa Ghuba walikiita fitam, na kilitumika mpaka biashara ya lulu ilipoanguka katika miaka ya 1930, lulu za kupandwa za Wajapani zilipojaa sokoni. Wazee wa Mombasa na Lamu waliwaona watu hao kwa macho yao, kwani wengi wa mabaharia waliokuja na majahazi ya Kuwait wakati wa kaskazi ndio waliozamia lulu joto liliporudi kwao. Hicho kibanio cha pua kilikuwa na maana kubwa kuliko kuzuia maji: pua ikibanwa, hewa ya kinywani hukosa pa kutokea, ikapata njia ya kwenda masikioni. Hata hivyo, magonjwa ya masikio na uziwi yaliwaandama. Na Wabajau wa bahari za Ufilipino, Malaysia na Indonesia, ambao ni mashuhuri duniani kwa mbizi, imesimuliwa kwamba wengi wao hupasua viwambo vyao makusudi wangali wadogo, na wazee wao husikia kwa shida. Kwa hiyo wale wakubwa wa kazini wana wenzao mbali huko, na gharama yao ni moja.

Je, hufanywaje? Njia aijuayo kila mtu ni kubana pua, kufunga mdomo na kusukuma pumzi kutoka kifuani. Iliandikwa mwaka 1704 na Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Kitaliana. Kwa mtu aliyeketi ndani ya basi yafaa, akiifanya kwa upole. Kwa mpiga mbizi aliyeelekeza kichwa chini haifai sana, kwa sababu hewa ya kifuani inasinyaa kila anaposhuka na ni lazima aisukume chini kwenda upande wa kichwa, kinyume cha matakwa yake. Hushindwa, akaongeza nguvu. Na nguvu hiyo ndiyo hatari, kwani inaweza kupasua kiwambo kingine kilicho ndani zaidi, na hapo mtu hupoteza usikivu moja kwa moja na kubaki na mvumo sikioni usionyamaza.

Njia iliyo bora kwa mbizi ni ile ya Hermann Frenzel, daktari wa Kijerumani aliyewafundisha marubani wa ndege za vita, ambao nao walikuwa wakiteremka kwa kasi, ila wao ni kutoka mbinguni. Katika njia hii kifua na tumbo havifanyi kazi yoyote. Mtu hubana pua, hufunga koo kama anayetaka kubeba mzigo mzito, kisha huinua shina la ulimi kama atamkaye herufi K bila kutoa sauti. Ulimi huisukuma ile hewa kidogo iliyo kinywani, ikapanda masikioni. Ajifunze nchi kavu, mbele ya kioo, siku kadha kabla ya kwenda majini. Akiona tundu za pua juu ya vidole zinafura na tumbo limetulia, amefahamu. Akiona tumbo linajikaza, amerudi kwa Valsalva. Watoto wa madrasa hapa Rhonda niliwaonyesha kwa mzaha tu, na aliyeifahamu upesi kuliko wote ni yule asiyenyamaza darasani.

Akishaijua, aanze kuzibua akiwa bado juu ya maji, kisha mara tu kichwa kinapoingia, na tena kila anaposhuka mita moja katika zile mita 10 za mwanzo. Asingoje maumivu. Ayaone maumivu kuwa ni habari ya jambo lililokwisha kuchelewa. Asiinue kidevu kutazama chini anakokwenda, kwa kuwa shingo ikikunjwa nyuma mrija hufunguka kwa taabu. Atazame mbele yake, kidevu kimekaribia kifua. Anayeanza ashuke miguu mbele, akishika kamba ya nanga, kwani ni rahisi zaidi kuliko kutangulia kichwa. Sikio likikataa, asimame, apande mita moja, ajaribu kwa upole. Likikataa tena, apande juu kabisa, hata kama pweza amemwona kwa macho yake. Pweza huyo hahami siku hiyo.

Vifaa navyo vina neno. Miwani ifunikayo macho peke yake haifai kuzamia kina, kwa sababu hewa yake haiwezi kuongezwa, na macho hufyonzwa hadi yakavilia damu. Inatakiwa ile ifunikayo na pua, yenye sehemu laini ya kuibana pua kwa vidole, na mzamiaji apulize ndani yake pumzi kidogo kwa pua anaposhuka. Kutia pamba, nta au kizibo chochote masikioni ni kosa, pamoja na kwamba wa kale walifanya. Hewa iliyonaswa nyuma ya kizibo husinyaa, na kiwambo huvutwa nje badala ya kusukumwa ndani.

Nisisitize jambo la mafua, maana hapo ndipo vijana wetu wa bara huumia. Mwezi wa Julai Nakuru ina baridi, na vumbi na moshi wa jiko havituachi. Mtu ana kamasi za wiki mbili, anapanda basi kwenda kwao, na asubuhi ya pili amekwisha ruka baharini kuwaonyesha wenzake kwamba bara hakukumharibu. Mwenye mafua asizamie, hata kama ana siku tatu tu za likizo. Wapo wanaotumia dawa ya kufungua pua kwanza. Dawa hiyo yaweza kwisha nguvu mtu akiwa chini, hewa ikanaswa ndani ya sikio wakati wa kupanda, na kupanda hakuna hiari. Wala mtu asizamie peke yake: mmoja akiwa chini, mwenzake abaki juu akimtazama.

Tuje kwenye sharia, ambako suali la mama limegusa mahali patatu. La kwanza, kupasua kiwambo kwa makusudi ni kujidhuru kiungo kizima pasi na dharura, kwani njia salama ipo. Na mkubwa amwamuruye mtoto kufanya hivyo ana sehemu yake katika dhambi hiyo. La pili, aliyekwisha kupasukiwa na akakatazwa na daktari asiingize maji, udhu wake hauna mashaka: kupaka masikio ni sunna, na hutosha unyevu wa kidole juu ya mikunjo ya nje. Katika josho la wajibu, atie ndani ya tundu pamba iliyopakwa mafuta mazito, aoshe kwa mkono uliolowa sehemu zionekanazo za sikio, na mwili uliosalia aumwagie maji kama kawaida.

La tatu ni saumu. Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi vimeihesabu ndani ya sikio kuwa ni tumbo, kwa hiyo kitu kiingiacho huko kwa makusudi hufunguza. Mwaka 1997, baraza la kimataifa la fiqhi lenye makao Jeddah liliona kwamba dawa ya matone sikioni haifunguzi, maadamu mtu hakumeza kilichofika kooni. Hapa elimu ya watabibu imetusaidia, kwani sikio zima lina kiwambo kizuiacho maji. Lakini sikio lililotoboka halina kizuizi, na maji ya bahari yaweza kupita kwenye mrija hadi kooni, mtu akaonja chumvi. Mwenye sikio la namna hiyo asizamie mchana wa Ramadhani, na kwa afya yake asizamie usiku wala mwezi mwingine mpaka apone.

Kwako mama. Mzuie mwanao asiingie majini kuanzia leo, na umpeleke hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo. Kama sikio linatoa damu au maji, au analalamika kwamba hasikii, kwamba pana mvumo, au kwamba nyumba inamzunguka, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke leo hii. Usimtie mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, wala maji ya kitunguu, wala maziwa ya mzazi, hata kama jirani ataapa kwamba yalimponyesha wake. Viwambo vingi vilivyotoboka hujifunga vyenyewe kwa majuma kadhaa, vikiachwa vikavu. Visivyojifunga daktari ana la kufanya.

Najua kwamba majuma hayo ni majuma bila fungu, na nyumba inamtegemea. Katika majahazi ya lulu kila mzamiaji alikuwa na mwenzake juu, aliyeitwa saib, ambaye kazi yake ilikuwa kushika kamba, kuhesabu pumzi na kumvuta mwenziwe akitikisa. Hakuwahi kugusa mchanga wa chini, na bado mavuno yalipogawanywa alikuwa na fungu lake. Nenda kwa mkubwa wa chombo pamoja na mjomba wa kijana au mzee wa mtaa, mumwombe ampe mwanao kazi hiyo mpaka daktari aseme neno lake. Vijana wale wanazamia bila mtu wa kuwatazama juu, kwa hiyo mtakuwa mmemwomba kitu anachokihitaji yeye mwenyewe.